Asubuhi Moja na Mjusi wa Tendaguru

Berlin ina makumbusho mengi kuliko siku za mgeni. Kijana aliyenipokea, mzaliwa wa Moshi anayesomea uhandisi huko, alikuwa ameniandikia orodha nzima: tuanzie Kisiwa cha Makumbusho, majumba matano yaliyopangana katikati ya mto Spree, tumwone malkia Nefertiti, tukitoka hapo tuingie kwenye picha za kuchora, na jioni, kama miguu bado inakubali, tumalizie na historia ya Wajerumani. Orodha ilikuwa nzuri na ya heshima. Ila ilimfaa mtu yeyote, na mimi nilikuwa nimebakiwa na asubuhi moja kabla ya ndege.

“Mwanangu,” nikamwambia, “hao wote wanisamehe. Nipeleke Invalidenstraße nikamwone mjusi wetu.”

“Mwalimu, utoke Dar es Salaam uje Berlin kutazama mifupa?”

“Mifupa yenyewe imetoka Lindi. Na mimi nimetoka Lindi.”

Akacheka, akakunja karatasi yake.

Nimefundisha biolojia miaka mingi, na nimewapeleka wanafunzi makumbusho mara nyingi kiasi cha kujua watu wanavyochokea humo. Kinachowachosha si kutembea. Ni kutazama vitu ambavyo hawajavitafuta. Kabati la kwanza hulisoma lote, neno kwa neno, kwa adabu. La pili nusu. Wakifika la kumi wanatazama vivuli vyao kwenye kioo, na muda si mrefu wanauliza soda zinauzwa wapi. Jumba kubwa la makumbusho limejazwa na watu waliokusanya vizazi kwa vizazi. Hilo la Invalidenstraße, Museum für Naturkunde, lililofunguliwa mwaka 1889, lina hazina ya vielelezo takribani milioni 30, na vinavyowekwa mbele ya wageni ni sehemu ndogo sana. Hata ukihamia humo na godoro lako huwezi kuvimaliza. Mtu akishalikubali hilo moyo unatulia, na anaweza kujiuliza jambo la maana: katika vyote hivyo, ni kipi kina undugu na mimi?

Undugu wangu na mjusi ulianzia masikioni. Sisi tuliokulia Lindi tulisikia kwa wazee kwamba Wajerumani walichimba mnyama mkubwa huko Tendaguru, wakambeba, wakaenda naye kwao. Basi. Shuleni habari hiyo ilipita katika sentensi moja, tena ya kukariri. Tendaguru yenyewe ni kilima kilichoko kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, katika nchi ya Wamwera, na wengi wetu hatukuwahi kukikanyaga.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ile niliifanya ziara kabla ya ziara. Nilikaa na daftari nikayapanga niliyokwisha kuyasoma. Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Bernhard Wilhelm Sattler, alikutana na mfupa mkubwa umechomoza ardhini karibu na kilima. Ukumbuke mwaka huo: vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha, na kusini yote ilikuwa ikielekea kwenye njaa. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas, mtaalamu wa visukuku kutoka Stuttgart, akathibitisha kwamba pale pana dinosaria. Kisha makumbusho ya Berlin yakachangisha fedha, yakatuma watu wake, wakachimba kuanzia 1909 hadi 1913. Viongozi wa mwanzo walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Mwishoni akaja Hans Reck na mkewe Ina.

Chini ya hayo nikaandika maswali matatu tu. Nani alichimba kwa mikono yake? Ilibebwaje? Na je, wakati mjusi anatembea Lindi, nani mwingine alikuwa hai duniani? Nawashauri wote wanaokwenda kutazama kitu kikubwa kwa muda mdogo waingie na maswali yasiyozidi vidole vya mkono mmoja, yaliyoandikwa. Ya kichwani hupotea pale mlangoni, unapopewa ramani yenye rangi saba.

Tulifika saa tatu na nusu asubuhi, mlango unapofunguliwa. Jumatatu wanafunga, siku nyingine za kazi wanafunga saa kumi na mbili jioni. Saa ya kwanza ni dhahabu kwa sababu misafara ya shule bado iko njiani, na kwa sababu macho yako mwenyewe bado ni mapya. Niliweka koti na mkoba kwenye kabati la wageni, nikabaki na daftari, kalamu na miwani. Mkoba begani ni adui wa makumbusho. Ukianza kuuma, unaanza kukata safari bila kujua kwa nini. Na chai tulikuwa tumekunywa ya kutosha, na mkate, kwa maana njaa nayo husoma maandishi haraka haraka.

Ukishakatiwa tiketi huhitaji kumtafuta. Unaingia ukumbi mkuu wenye paa la kioo, na yeye ndiye ukumbi.

Urefu wake kwenda juu ni mita 13.27, na hakuna kiunzi cha dinosaria kilichosimamishwa duniani kinachomzidi kimo. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai. Janensch alimwita Brachiosaurus brancai mwaka 1914, akimhesabu ndugu wa mnyama aliyepatikana Colorado, Marekani, mwaka 1900. Baadaye wataalamu wakaona tofauti zimezidi, wakampa jina lake mwenyewe. Aliishi miaka takribani milioni 150 iliyopita. Mikono yake ni mirefu kuliko miguu, ndiyo maana mgongo unateremka kuelekea mkiani, na shingo inapanda hadi mtu anashika kisogo chake kwa mkono ili aone kichwa.

Kijana wangu alikwisha kutoa simu. Nikamwomba aiweke mfukoni kwanza.

“Mwalimu, nitasahau.”

“Picha zake ziko elfu na elfu, zimepigwa na watu wenye ngazi na taa. Wewe tazama. Ukishachoka kutazama ndipo upige, tena upige maandishi, ukayasome kwenye treni.”

Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona watu wakimaliza jumba zima kupitia kioo cha simu, na jioni hawana wanachoweza kusimulia. Tukakubaliana jambo jingine ambalo marafiki wanaona haya kuambiana: tutengane. Wawili wanaotembea pamoja hufuata mwendo wa mwenye haraka zaidi. Yeye alivutwa na darubini za humo ukumbini zinazomvika mjusi nyama na ngozi hadi unamwona anatembea. Watoto wanazipenda, na mhandisi ni mtoto mwenye cheti. Mimi nilibaki miguuni.

Nilisema miguuni kwa sababu juu hakunihusu sana. Pingili za shingo zilizoko kule ni za kuundwa. Za asili ni nzito na dhaifu mno kuning’inizwa. Lakini mfupa wa mkono, ule unaotoka begani hadi kwenye kiwiko, uko mbele yako, mweusi-kahawia, mrefu zaidi ya mita mbili. Nilisimama mbele yake nikajaribu kuupima kwa mwili wangu, na ulinipita. Ndipo swali langu la pili likapata uzito: huu uliondokaje porini?

Nilijua jibu kwa herufi, lakini mbele ya mfupa wenyewe jibu lilianza kunitoa jasho. Hapakuwa na reli wala gari. Mfupa mkubwa hautoki ardhini mzima. Umepasuka, ni jiwe lenye nyufa, na anayeuchimbua lazima augawe vipande, aviandike namba, avifunge. Plasta kutoka Ulaya ilikuwa adimu na ghali, kwa hiyo kambini walifunga kwa walichokuwa nacho: udongo na mianzi. Mianzi ilipasuliwa fito, ikazungushwa mfupa na kukazwa. Vifurushi vingine vya mianzi vilifika Berlin vikawekwa ghalani, na baadhi yake havikufunguliwa kwa zaidi ya miaka mia. Fundi aliyekaza zile fito alifanya kazi iliyodumu kuliko ufalme uliomwajiri.

Halafu wapagazi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30, kichwani au begani. Kipande kizito zaidi kilitundikwa kwenye mti na kubebwa na wengi. Kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi ulikuwa mwendo wa siku nne hivi. Kwa ujumla zilisafirishwa zaidi ya tani 200 za mifupa. Kufikia mwaka 1911 wafanyakazi walikaribia 500, wengine wamekuja na wake na watoto, hata kambi ikawa kijiji. Nikiwa pale chini ya mbavu nilianza kugawanya tani kwa kilo 30, kwa penseli, pembeni ya daftari, kama mwanafunzi wa darasa la tano. Fanya hesabu hiyo mwenyewe ujionee. Nilitoka na safari za watu maelfu, zote zikielekea baharini.

Sasa tazama majina. Kuta za ukumbi ule zimejaa wanyama wa Tendaguru: Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus, na mdogo mmoja mwepesi wa mbio aitwaye Dysalotosaurus lettowvorbecki. Huyo wa mwisho amepewa jina la jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeipitisha nchi yetu katika vita vya 1914 hadi 1918. Mjusi mkubwa naye amebeba jina la Wilhelm von Branca, aliyekuwa mkurugenzi wa makumbusho. Kwa muda mrefu ungeweza kuzunguka majina hayo ya Kilatini usikutane na mtu mmoja wa Lindi.

Na watu walikuwapo. Mnyapara mkuu wa machimbo aliitwa Boheti bin Amrani, fundi wa kufukua na kuhifadhi mifupa ambaye wataalamu wenyewe walimtegemea. Ilichukua hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa Australodocus bohetii. Mwaka 2019 akafuata Wamweracaudia keranjei, jina linalowabeba Wamwera pamoja na Mohammadi Keranje, mnyapara mwingine wa machimbo. Nilikuja na majina hayo mawili daftarini, na niliyasoma kwa sauti ya chini mbele ya kiunzi. Mama mmoja aliyekuwa na kitoto alinipisha kwa upole, pengine akidhani nasali.

Ndiyo faida ya kujiandaa. Kibao cha makumbusho huandikwa kwa ajili ya mamilioni, kwa hiyo huwa kifupi, na kila kifupi huacha watu nje. Ukija mtupu utaamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Ukija na jina moja tu la ziada, unaanza kuona mahali kibao kilipokata kamba. Wala simaanishi Wajerumani wanaficha. Miaka ya karibuni wanahistoria wa huko huko wamechapisha vitabu vinene kuhusu ukoloni wa machimbo yale. Lakini kitabu kinene hakibandikwi ukutani.

Nilikaa na mjusi huyo muda mwingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyoshauriwa. Mlinzi alinipita, akarudi, akaniuliza kama nahitaji kiti. Nilimjibu kwa Kiingereza changu cha darasani kwamba huyu mnyama ni wa nyumbani kwetu. Alitikisa kichwa kwa heshima akanionesha pa kukaa ambapo mkia unaonekana wote. Walinzi wa makumbusho wanajua mambo ambayo ramani haiyajui, hasa pa kukaa na saa ambayo watoto huondoka. Wasalimie.

Swali la tatu lilinipeleka chumba kingine. Hapa nina kanuni yangu: sifuati mishale, nafuata uhusiano. Ukishaona kimoja vizuri, kiulize kinamjua nani, ukamtafute huyo. Mjusi wa Lindi anamjua jirani yake wa wakati. Katika chumba chenye mwanga hafifu, nyuma ya kioo, kuna bamba la jiwe la chokaa ambalo unaweza kulibeba kwa mikono miwili, na juu yake amelala Archaeopteryx, ametandaza mabawa na alama za manyoya zinaonekana. Ana meno, ana mkia wa mifupa, ana kucha mabawani. Alipatikana karibu na Eichstätt huko Bavaria katika miaka ya 1870. Naye umri wake ni miaka takribani milioni 150.

Kutoka kwenye mfupa unaonipita kimo hadi kwa kiumbe anayelingana na kunguru, dakika moja ya kutembea, na wote waliota jua la zama zilezile, mmoja kusini kwetu, mwingine kwenye visiwa na bahari ya kina kifupi iliyofunika Ujerumani ya leo. Kama ningefuata mishale ningemfikia ndege huyo baada ya kabati nyingi, nikamwona mdogo. Nilimfikia nikitoka kwa jitu, na ndipo nikafahamu ukubwa wake: manyoya na meno katika mwili mmoja, ushahidi ambao walimu wa biolojia tunauchora ubaoni kila mwaka kwa chaki, vibaya.

Huyu naye ana hadithi ya kuuzwa. Husimuliwa kwamba mkulima aliyelipata jiwe, Jakob Niemeyer, aliliuza ili anunue ng’ombe; likapita mikono mingine, na mwishowe Werner von Siemens, tajiri wa viwanda vya umeme, akatoa fedha ili lisitoke Ujerumani. Jina la mkulima limebaki, hata ng’ombe wake amebaki. Nililiandika hilo pembeni ya hesabu yangu ya wapagazi.

Baada ya hapo sikutaka kuona kingine, na sikuona. Nilipita karibu na chumba cha kioo chenye samaki na nyoka katika chupa za spiriti, safu juu ya safu hadi darini, katika bawa lililobomolewa na mabomu mwaka 1945 na kujengwa upya mwaka 2010. Kinang’aa. Kwa mwingine pale ndipo pa kukaa asubuhi nzima. Madini, vimondo, ndege waliokaushwa, niliwaachia wenye undugu nao. Watu huona uchungu kuacha vyumba vizima wakati tiketi wameilipia yote. Lakini hakuna mtu anayenunua gazeti akasoma hadi matangazo ya vifo ya mkoa asioujua.

Nilimkuta kijana wangu amerudi miguuni mwa mjusi kwa hiari yake, simu mfukoni.

“Mwalimu, hivi kwa nini hatumdai arudi?”

Suala hilo limezungumzwa hata bungeni kwetu, na tulibishana juu yake hadi kwenye treni. Yeye alitaka kiunzi kipakiwe kesho. Mimi nilimuuliza atakisimamisha wapi: Lindi tuna jumba gani lenye paa la mita 14 na ubaridi usiopanda wala kushuka? Akanijibu kwamba jumba hujengwa, na kwamba mwaka 1909 Berlin nayo haikuwa na kiunzi. Jibu zuri, sikuwa na la kulipinga. Mimi ningeanza na mengine: madaftari ya machimbo na picha za wafanyakazi zirudi hata kwa nakala, kiwepo kiunzi cha kuundwa Lindi mjini ambacho mtoto wa Mchinga anaweza kukigusa, na vijana wetu wafunzwe kuchimba, kwani ardhi ya Tendaguru haijaisha. Aliniita mpole. Nikamwambia mwenye shule nyingi hawezi kuwa mkali asubuhi.

Tangu nirudi nimebadili namna ninavyowapeleka wanafunzi Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert. Zamani niliwapanga mistari tukapita kila chumba, na kila mmoja akaandika kila kitu. Siku hizi kila kikundi kinachagua kitu kimoja darasani, wiki moja kabla, na kinaandika maswali matatu. Wavulana karibu wote huchagua magari aliyoyatumia Mwalimu Nyerere, na siwazuii. Anayeuliza nani alikuwa dereva, na barabara zilikuwaje, anajifunza historia kuliko aliyekariri tarehe.

Kikundi kimoja cha wasichana kilichagua fuvu la Zinjanthropus, alilolikuta Mary Leakey Olduvai mwaka 1959. Nikawapa kidokezo kwamba fuvu hilo na mjusi wa Lindi wana njia inayokutana: Hans Reck alitoka kuchimba Tendaguru akafika Olduvai mwaka 1913, na Louis Leakey alikuwa Tendaguru mwaka 1924 na msafara wa Waingereza kabla ya kwenda Olduvai pamoja na Reck mwaka 1931. Wakaenda, wakakaa mbele ya kabati lao hadi wenzao wakaanza kulalamika basi linasubiri. Swali lao la kwanza daftarini lilikuwa: “Siku Mama Leakey alipoliona fuvu, waliokuwa wakichekecha mchanga waliitwa nani?” Niliwaambia wamwandikie barua mhifadhi, na wameshaipeleka.